Nyumba ya Kukaa Mpaka Kufa: Haki na Wajibu wa Mjane Masisi na Walikale



Katika vijiji vyetu maneno ya nyumba ya marehemu huanza mapema. Matanga bado haijaisha, wageni bado wanakula, na tayari kuna mtu wa jamaa anayepiga hesabu ya mabati na mbao. Siku chache baadaye kikao kinaitishwa na mama anaambiwa: "Ile nyumba ilikuwa ya kaka yetu. Wewe urudi kwenu." Kama ni Masisi, nyumba ya mbao inaweza kubomolewa kwa siku moja na kubebwa. Kama ni Walikale, nyumba ya udongo haibebeki, lakini mihogo na ndizi zilizo nyuma yake zinavunwa na mwingine.

Kwa koperative jambo hili si dogo. Mama akifukuzwa wakati wa kupanda msimu A, mwezi wa tisa, koperative inapoteza mkulima, mbegu aliyokopeshwa, na maharagi yaliyotarajiwa mwezi wa kwanza. Deni linabaki kwenye daftari bila mtu wa kulilipa. Ndiyo maana tunaandika leo juu ya haki ambayo sheria ya nchi yetu imempa mjane, haki ambayo wengi hawaijui: kukaa katika nyumba ya ndoa mpaka mwisho wa maisha yake. Tunaandika pia juu ya wajibu unaoendana nayo, sababu haki hii ina masharti, na mjane asiyeyajua anaweza kuipoteza.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya jamaa, ile inayoitwa Code de la famille, ilitolewa tarehe 1 Agosti 1987 na kurekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kifungu cha 785 kinazungumza juu ya bwana ao bibi aliyebaki baada ya mwenzake kufa. Kinampa kitu ambacho kwa Kifaransa kinaitwa usufruit. Kwa Kiswahili chetu tuseme: haki ya kukaa na kutumia. Kwa ufupi, kifungu hicho kinasema hivi:

1. Aliyebaki ana haki ya kukaa katika nyumba ambamo walikuwa wanaishi wote wawili, na kutumia vyombo vya nyumba: vitanda, viti, meza, kabati na vinginevyo.

2. Ana haki ya kutumia nusu ya ardhi inayogusana na nyumba, kama marehemu alikuwa anailima yeye mwenyewe kwa faida yake. Nusu nyingine ni ya warithi wa kwanza, maana yake watoto. Ni hivyo hivyo kwa biashara inayoambatana na nyumba, kwa mfano kiduka cha mbele ya kiwanja.

3. Kama nyumba inakodishwa kwa mtu mwingine, franga za kodi zinagawanywa nusu kwa nusu kati ya aliyebaki na warithi.

4. Haki hii inaisha akifa, ao akioa ao kuolewa tena ndani ya nyumba ile ile ya ndoa. Inaweza kuisha pia kwa sababu ya mwenendo mbaya ndani ya nyumba, kama kuna mtoto ambaye bado hajafikia umri wa ukubwa.

Angalieni vizuri: sheria imesema "aliyebaki", haikusema mwanamke peke yake. Baba aliyefiwa na bibi yake ana haki hii pia. Lakini sote tunajua ni nani anayefukuzwa huku kwetu. Ni nadra kusikia mwanaume anaambiwa arudi kwao.

KUKAA SI KUMILIKI, KUKAA SI KUOMBEWA HURUMA

Ugomvi mwingi unatoka katika makosa mawili. Kosa la kwanza ni la mashemeji: wanafikiri mama amebaki pale kwa huruma yao, na siku huruma ikiisha wanaweza kumtoa. Hapana. Anakaa kwa nguvu ya sheria, na ruhusa ya shemeji haihitajiki.

Kosa la pili ni la wajane wengine: wanafikiri nyumba imekuwa yao kabisa, hata kuiuza. Hapana tena. Nyumba ni ya warithi, na mama ana haki ya kuikaa na kuitumia. Watoto ndio wenyewe, lakini watoto hao hao hawawezi kumtoa mama yao. Akifa, nyumba inarudi mikononi mwao bila kikao kipya.

Tuilinganishe na namna zingine za kushika ardhi ambazo mnazijua. Masisi, ambako ardhi nyingi iko ndani ya ma-ferme, wakulima wengi wanakodi shamba kwa msimu mmoja. Wanalipa franga, sehemu ya mavuno ao siku za kazi, na mwenye ferme anaweza kuwakataza kupanda ndizi ao miti. Upande wa Bushi, Kivu ya Kusini, desturi inatofautisha bwasa na kalinzi. Bwasa ni ya muda mfupi, na mlimaji hapandi mazao ya kudumu. Kalinzi ilitolewa kwa zawadi kwa mwami, na inapita kutoka kwa baba mpaka kwa mtoto. Haki ya mjane iko katikati: ni ndefu kuliko kodi ya msimu, sababu inafuata maisha yake yote, lakini ni fupi kuliko kalinzi, sababu yeye hawezi kuirithisha.

Jambo hili haliko Congo peke yake. Kenya nayo, katika sheria yake ya urithi, kifungu cha 35, inampa aliyebaki na watoto haki ya kutumia mali ya marehemu wakati wa uhai wake, lakini haimwachi huru kuiuza atakavyo.

MFANO WA HESABU

Tuseme baba mmoja amekufa. Ameacha bibi yake wa ndoa na watoto wanne. Ameacha nyumba ya mbao, shamba la hektari moja linalogusana na nyumba, shamba lingine la viazi lililo mbali, saa mbili kwa miguu, ambalo alipewa na baba yake, na ng'ombe wawili walionunuliwa baada ya ndoa. Inagawanywa namna gani?

Kwanza, ng'ombe. Kama bwana na bibi hawakuchagua utaratibu mwingine wa mali siku ya ndoa, sheria inawaweka katika utaratibu ambamo vitu walivyopata wakati wa ndoa ni vyao wote wawili. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ni wa mama moja kwa moja. Huyo si urithi, ni mali yake. Ng'ombe mwingine ndiye anayeingia katika urithi.

Pili, nyumba. Mama anabaki ndani yake mpaka kufa, pamoja na vyombo.

Tatu, shamba la karibu na nyumba. Nusu hektari mama analima na kuvuna kwa maisha yake. Nusu nyingine ni ya watoto. Kama watoto bado wadogo, mama ndiye mzazi aliyebaki, na kwa kawaida ataisimamia kwa ajili yao. Asisahau tu kwamba mavuno ya upande ule ni ya chakula chao, nguo zao na masomo yao.

Nne, shamba la mbali. Hili haliguswi na kifungu cha 785, sababu haligusani na nyumba. Linaingia katika urithi wa kawaida. Watoto wanapata robo tatu. Robo inayobaki ni ya kundi la pili la warithi: aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Hapa sehemu ya mama inaweza kuwa ndogo sana.

Mfano huu unaonyesha faida ya haki ya kukaa na kutumia. Katika urithi wa kawaida mama anapata kidogo. Kinachomlinda zaidi ni nyumba na nusu ya shamba la karibu. Ndiyo maana mipaka ya shamba hilo inapashwa kujulikana wakati baba bado yuko hai.

Mashemeji nao wasidharauliwe. Wazazi na ndugu za marehemu wana sehemu yao katika ile robo, na mjane asiwakatalie. Kikao cha jamaa kikifuata hesabu hii, kila mtu anatoka na chake na ugomvi unapungua.

WAJIBU WA MJANE

Maana ya haki ya kukaa na kutumia ni hii: unakula matunda, lakini unatunza mti. Mjane anapashwa kuangalia mambo haya:

• Kutunza nyumba. Bati likitoboka, aliziba. Ukuta wa udongo ukianza kuanguka, aukandike. Paa la majani, kama mengi ya Walikale, libadilishwe kabla mvua haijaingia mpaka kwenye nguzo. Kazi kubwa sana, kama kujenga upya nyumba yote, azungumze na watoto wakubwa, sababu nyumba ni yao.

• Kutouza wala kuweka rehani. Mkopo wa koperative usiandikwe kwa dhamana ya nyumba hiyo. Kamati nazo zijue hili: mkikubali dhamana ambayo si ya mkopaji, mtakuwa mmejitafutia kesi.

• Kutumia ardhi bila kuiua. Avune ndizi na kahawa, lakini atunze mashina. Akikata miti ya mbao ao ya makaa, apande mingine. Kwenye vilima vya Masisi aweke mitaro na majani ya kuzuia udongo kuteremka. Shamba lililomomonyoka halitalisha watoto waliobaki.

• Kulinda mipaka. Mtu akisogeza mpaka, mjane awaite mashahidi na kuwaambia warithi haraka. Mwaka ukipita na yeye amenyamaza, atashindwa kueleza.

• Kutoa mchango wa desturi kwa chefu, kama ardhi ni ya desturi, na kuomba karatasi ao angalau shahidi kila mara anapotoa.

• Kugawana kodi. Kama amekodisha nyumba, nusu ni ya warithi. Aiandike kwenye daftari.

• Kujua sharti la ndoa mpya. Mjane yuko huru kuolewa tena na mtu anayemtaka. Lakini akileta bwana mpya ndani ya nyumba ya marehemu, haki ya kukaa inaisha. Afikiri mapema ataishi wapi.

Na juu ya "kurithiwa" na shemeji: hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuolewa. Ndoa bila ukubali wa mwanamke si ndoa mbele ya sheria. Jamaa ikisema "ukikataa shemeji, utoke nyumbani", jibu ni kwamba haki ya kukaa haitegemei hilo hata kidogo.

MATATIZO YETU HUKU

Sheria iko wazi kwenye karatasi, lakini Masisi na Walikale tuna mambo manne yanayoifanya iwe ngumu.

La kwanza ni ndoa bila karatasi. Kifungu cha 785 kinamlinda bwana ao bibi wa ndoa. Jamaa nyingi zimetoa mahari, zimekula, zimecheza, lakini hazikwenda kuandikisha ndoa ya desturi kwa ofisi ya leta. Siku ya ugomvi shemeji anasema: "Huyu hakuwa bibi, walikuwa wanaishi tu." Mwanamke aliyeishi na mwanaume bila ndoa hana haki hii. Sheria yetu haitambui pia ndoa ya bibi wa pili. Lakini watoto wa mwanamke huyo, kama baba aliwatambua wakati wa uhai wake, ni warithi wa kwanza sawa na watoto wengine.

La pili ni ardhi yenyewe. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa leta. Mashamba yetu mengi yanashikwa kwa desturi, bila ile karatasi ya certificat d'enregistrement. Hiyo haimaanishi mtu hana haki. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria ao kwa desturi. Na kifungu cha 207 kinatambua mamlaka ya machefu wa desturi, ila kinataka desturi hiyo isipingane na Katiba wala sheria. Kwa hiyo chefu anayeamua kwamba mjane afukuzwe kwa sababu "ndiyo desturi" anakwenda kinyume cha sheria, na mnaweza kumueleza hivyo kwa heshima. Jambo moja zaidi: mjane hapati zaidi ya kile marehemu alichokuwa nacho. Kama bwana alikodi shamba kwa msimu ndani ya ferme, mama hawezi kulidai kwa maisha yote.

La tatu ni vita. Tangu mauaji yaliyoanza Machi 1993 soko la Ntoto, Walikale, na kuenea mpaka Masisi, jamaa zimekimbia mara nyingi, zikarudi, zikakimbia tena. Mama anarudi kutoka kambini na kukuta mtu mwingine analima. Kukimbia vita hakufuti haki ya mtu. Lakini mwenye haki anapashwa kuonyesha kwamba pale palikuwa pake, na mashahidi wazuri ni majirani wa pande zote nne.

La nne ni mabwana waliopotea. Kama bwana hakuonekana tangu mapigano na hakuna aliyeona maiti, mama bado ni bibi wa ndoa, na hakuna mtu anayeruhusiwa kufungua urithi. Kifo kisicho na karatasi kinapashwa kuthibitishwa na tribinali.

MFANYE NINI KABLA YA KIFO

Andikisheni ndoa. Kama mlioana kwa desturi, nendeni wote wawili pamoja na mashahidi wa pande mbili kwa ofisi ya eta sivil. Koperative inaweza kupanga siku moja ambapo wanachama wengi wanakwenda pamoja, ao kumuomba afisa afike soko la karibu.

Andikisheni watoto pia. Kwa watoto waliokosa karatasi ya kuzaliwa, tribinali inaweza kutoa hukumu ya kuziba pengo hilo.

Choreni kiwanja. Karatasi moja inatosha: nyumba iko wapi, shamba linaishia wapi, jirani wa kila upande ni nani. Majirani wote waweke saini ao kidole, na chefu wa kijiji pia. Mfanye nakala tatu: moja nyumbani, moja kwa chefu, moja kwa sanduku la koperative. Vita vikija, angalau moja inaweza kubaki.

Andikeni wosia. Sheria inakubali wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe, wenye tarehe na saini yake. Kutaja nyumba na mipaka ya shamba ndani ya wosia kunapunguza ugomvi sana.

MFANYE NINI BAADA YA KIFO

Kabla kitu chochote hakijatoka nyumbani, andikeni orodha ya mali mbele ya mashahidi: vyombo, mifugo, mabati, mazao yaliyo shambani, madeni. Mtu wa kamati ya koperative anaweza kuwa shahidi. Asiamue urithi, kazi yake ni kuona na kuandika.

Mazao yaliyopandwa yaachwe yakomae. Kama mama amepanda maharagi, ayavune kwanza. Kikao cha kugawanya ardhi kinaweza kungojea mavuno, na hakuna atakayepoteza kitu.

Tafuteni mapatano. Anzeni na wazee wa jamaa, kisha chefu, kisha kituo cha usuluhishi ao kamati ya amani ya kijiji kama iko. Kila mapatano yaandikwe na kusainiwa. Mengi yanaisha hapa, kwa bei ndogo kuliko kesi.

Yakishindikana, nendeni tribinali ya amani, ile ya tribunal de paix. Sheria ya 11 Aprili 2013 juu ya tribinali inaipa kazi ya kuamua mambo ya jamaa, ya urithi, na ya ardhi inayoshikwa kwa desturi. Kama watu wanasema mjane amepoteza haki yake kwa mwenendo mbaya, wakaseme mbele ya mwamuzi. Kikundi cha mashemeji na panga hakiwezi kujifanya tribinali.

KAZI YA KOPERATIVE

Tunawaomba kamati zote mfanye mambo matatu kabla ya msimu ujao. Katika daftari la wanachama, ongezeni safu ya jina la bwana ao bibi wa ndoa, na andikeni kama ndoa imeandikishwa. Chagueni watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, wa kuwa mashahidi wa orodha ya mali pale mwanachama anapofariki. Na katika mkutano mkuu, someni kifungu cha 785 kwa sauti, mbele ya machefu na wazee, na kielezwe kwa lugha ambayo kila mtu anaisikia: Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kitembo ao Kiswahili.

Wababa wanaosoma hapa, jambo hili linawahusu kuliko mnavyofikiri. Shemeji wa mama mmoja ni kaka ya baba mwingine, na kesho jina lako ndilo litaitwa marehemu. Karatasi ya ndoa na mchoro wa kiwanja vinaweza kutengenezwa wiki hii, wakati wewe mwenyewe bado unaweza kutembea kwenye mpaka na kuonyesha kwa kidole.